Ndoo ya Mwisho

Mtaa mzima ulimwita Mzee Kola, na jina hilo alilipata kwa jasho, ila jasho lenyewe lilikuwa la watu wengine. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa dobi, na katika miaka yote hiyo halikutoka shati mikononi mwake likiwa na mstari wa uchafu kwenye kola. Ukimpelekea shati hakuangalia vifungo wala mifuko. Aliikunjua kola, akaisogeza karibu na macho, akatikisa kichwa kwa masikitiko na kusema, "Hili umelitesa." Kisha alikupa siku ya kuja kulichukua, na siku hiyo ukija ulilikuta limekunjwa linakungoja.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, mlango ukitazama barabara. Humo mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka kuukuu lenye alama moja ya pasi, rangi ya chai, kumbukumbu ya siku aliyoletewa habari kuwa binti yake amejifungua salama. Nyuma, uani, chini ya kamba sita za kuanikia, zilipangwa ndoo tatu. Ya kwanza ilikuwa ya sabuni ya unga. Ya pili ya kusuuzia. Ya tatu aliiita ndoo ya mwisho, na humo alitia chembe ya bluu, ile bluu ya nguo inayofanya nyeupe iwe nyeupe ya kumtoa mtu machozi. Maji ya ndoo hiyo hayakubadilishwa kutwa nzima, nguo zikipokezana moja baada ya nyingine. Kwa Mzee Kola, kitu ambacho hakijapita ndoo ya mwisho hakijaoshwa, kimelowa tu. Mkewe alishampiga marufuku kugusa vyombo vya jikoni, maana siku moja alijitia kusaidia, akavipitisha vikombe humo, vikang'aa kweli, na wiki nzima chai ya nyumba ile ikawa na ladha ya shuka.

Nyuma ya uani, chini ya mteremko, ulipita mto. Haukuwa mto wa kujivunia; mwenye miguu mirefu na haraka kidogo angeuruka. Lakini Mzee Kola alijifunzia kazi humo, juu ya mawe, tangu akiwa hana hata ndevu, na alifua humo mpaka mwaka ule ambao mashuka kumi na mawili ya nyumba ya wageni yalitoka majini na madoadoa ya kijivu yasiyosikia sabuni wala jua. Akahamia kwenye bomba. Jambo lile lilimuuma kama tusi. Mto uliomlea umemchafulia mashuka, tena mbele ya mteja, na yeye hajui hata amlaumu nani.

Ndiyo maana Mwalimu hakupata tabu kumshawishi. Huyu alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyefundisha kemia mpaka chaki ikamwingia mapafuni, na sasa alikuwa ameanzisha kikundi cha watu wa kujitolea kupima maji ya mto. Kila Jumapili asubuhi, kila mtu na sehemu yake. Siku moja alileta koti lake la kijivu, akaliweka mezani, lakini hakuondoka.

"Nahitaji mtu wa kupima pale kwenye daraja la chini," alisema. "Unakaa karibu, unaamka mapema. Kazi yenyewe sehemu kubwa ni kulinganisha rangi. Rangi unazijua?"

Mzee Kola aliweka pasi chini. "Mwalimu, mimi najua nyeupe saba. Kuna nyeupe ya maziwa, kuna nyeupe ya mfupa, kuna nyeupe ya shati la karani, kuna nyeupe ya shati la karani ambaye mkewe amesafiri..."

"Basi, baba, basi. Umepita."

Walifundishwa Jumamosi moja, ndani ya darasa la shule. Walipewa kipimajoto, na bomba refu la plastiki linaloonyesha ndani, lenye msalaba mweusi chini kwenye kitako; unamimina maji mpaka msalaba unapotea, kisha unasoma ni sentimita ngapi. Wakapewa chupa ya kuchotea, kichupa cha kioo cha kupimia, vidonge, kadi ya rangi na fomu. Vidonge vilikuwa vya kutafuta fosfeti, chumvi itokayo kwenye sabuni na mbolea, ambayo ikizidi mtoni mwani huota ovyo, hewa ya majini ikaisha, na viumbe vyote vikafa. Unatumbukiza kidonge, unatikisa, unasubiri dakika tano. Maji yakibaki meupe, hakuna kitu. Yakiwa bluu nyepesi, unaandika moja. Bluu nzito, nne.

Mwalimu alisema pia kwamba kabla ya kuchota, chupa zisuuzwe mara tatu kwa maji ya mto wenyewe, na zisioshwe kwa kitu kingine chochote. Mzee Kola aliyasikia maneno hayo, tena vizuri kabisa. Ila aliamini yamesemwa kwa ajili ya watu wasiojua kuosha. Dobi wa miaka thelathini na minne asuuze chupa kwa maji yale yale anayoyatilia shaka? Kila Jumamosi jioni chupa zake mbili zilipita ndoo ya kwanza, ya pili na ya mwisho, kisha zikapinduliwa juu ya kitambaa cheupe zikauke.

Najua msomaji umeshaanza kutikisa kichwa. Yeye hakuwa na wa kumtikisia.

Na jamani, aliipenda kazi ile! Saa moja asubuhi alishuka mteremko akiwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono, fomu ikiwa kwenye ubao mdogo aliouchonga mwenyewe. Waliokuwa wakipita darajani walimwita, "Afisa!" naye akajifanya hasikii ili waite tena. Maisha yake yote alikuwa amefua mashati ya watu wanaotia sahihi. Sasa fomu ilikuwa na mstari ulioandikwa "Sahihi ya Mpimaji", na sahihi yake ilianzia kwenye mstari huo ikaishia kwenye mstari wa mwenzake. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya maoni. Wapimaji wengine waliiacha wazi, au wakaandika "Mvua jana." Mzee Kola hakuacha nafasi ipotee bure. Kila Jumapili aliandika kwa mwandiko wa kupendeza: "Chupa safi kabisa, zimepita ndoo ya mwisho."

Namba zake zilikuwa mbaya. Nne, nne, tatu, nne. Kwenye daraja la juu alipima fundi viatu, na zake zilikuwa moja, moja, sifuri, moja. Maji yaliingia kati ya madaraja hayo mawili yakiwa mazuri, yakatoka yakiwa mabaya, na kati ya madaraja hayo palikuwa na kitu kimoja tu kinachomwaga maji mtoni. Kilikuwa uwanja wa kuoshea magari, na mwenyewe aliitwa Povu, kwa kazi yake na kwa maneno yake pia. Povu alikuwa mdogo wa kiume wa mke wa Mzee Kola.

Mzee Kola alipoona namba zinakoelekea, alikosa raha. Lakini aliendelea kuziandika, na ukweli usemwe, kulikuwa na utamu kidogo ndani yake. Povu alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti na kumwita shemeji yake "bingwa wa vikwapa" mbele za watu. Safari hii bingwa wa vikwapa alikuwa ameshika kalamu.

Mwezi wa nane barua ilitoka ofisi ya manispaa. Wahusika wote wafike Alhamisi ya wiki mbili zijazo. Namba zikithibitika, uwanja utafungwa. Siku hiyo hiyo Povu alisimama mlangoni kwa dobi, barua mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Shemeji, unanifungia riziki?"

"Mimi sifungi kitu. Mimi naandika ninachokiona."

"Unaona nini? Sabuni yangu mimi naipima kwa kifuniko! Tuko watu saba pale. Saba, kila mmoja na nyumba yake. Umewahi kuja hata siku moja kuangalia tunavyofanya kazi?"

"Sina haja ya kuja. Mto unakuja kwangu."

Povu aliikunja barua. Dada yake alikuwa ametokea jikoni na kikombe cha chai. Hakukipokea. "Basi endelea kuandika, shemeji," alisema, akaondoka.

Kuanzia hapo nyumba ikapoa. Mke wa Mzee Kola hakugomba, na heri angegomba. Chai ililetwa kama kawaida, ikawekwa kwenye pembe ya meza ya pasi, lakini ililetwa kimya. Alipoulizwa jambo alijibu "Ndiyo" au "Sijui". Usiku aligeukia ukuta. Mzee Kola alijisemea kwamba maji hayana shemeji, na alilisema hilo mara nyingi mno kwa mtu aliyekuwa na uhakika nalo.

Ijumaa, wiki moja kabla ya kikao, mabomba yalikauka mtaa mzima. Jumamosi bado hayakutoa hata tone, na pipa la maji ya mvua pale uani mkewe alilitenga kwa kupikia tu. Nguo zilirundikana, ndoo ya kwanza na ya pili zikakaa tupu, na ndoo ya mwisho ikabaki na maji ya Alhamisi, mazito kidogo, yenye bluu yake. Chupa zilikuwa bado na ukungu wa maji ya Jumapili iliyopita, na kuziosha nusunusu, ndoo moja tu kati ya tatu, nafsi yake ilikataa. Jumapili asubuhi alizitazama kwa aibu, akafikiria kutokwenda kabisa. Lakini tangu aanze hakuwahi kukosa hata siku moja. Akazitia mfukoni ili watu wasizione, akashuka.

Juu kidogo, kwa Povu, magari yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani. Povu alikuwa na kisima chake na pampu, na mji mzima usiokuwa na maji ulikuwa umempelekea magari. Povu jeupe lilikuwa likiteremka mfereji mpaka mtoni. Mzee Kola aliliona, akakaza taya. Leo hata kadi ya rangi haitatosha, alijisemea.

Kwa kuwa chupa zilikuwa chafu, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alizisuuza mtoni. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Akachota, akamimina kwenye kichupa, akatumbukiza kidonge, akatikisa, akaangalia saa. Dakika tano zikapita. Akakiinua kichupa kwenye mwanga.

Maji yalikuwa na kivuli cha bluu, kidogo sana, kama shuka jeupe la hospitali. Moja. Kwa mtu anayejua nyeupe saba, hata hiyo moja ilikuwa ya huruma.

Akadhani kidonge kimeharibika. Akatia kingine. Moja. Akatia cha tatu, jua likimchoma shingoni, na ilikuwa moja vilevile. Hakumaliza hata kuandika fomu. Alipanda mteremko mbiombio, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la maji ya mvua pale uani. Alichovya kichupa kwenye ndoo ya mwisho, kama alivyofanya Jumamosi zote, akakikung'uta, akakianika juani mpaka kikakauka. Akajaza maji ya mvua, maji yaliyotoka mbinguni na hayajawahi kuonana na Povu. Akatia kidonge.

Nne. Bluu ya kujivunia.

Alikisuuza mara tatu kwa maji ya mvua, akapima tena. Sifuri. Akarudia vyote viwili, kisha akarudia tena, mpaka vidonge vya mwezi mzima vikaisha. Alipomaliza alipindua ndoo moja tupu, akaketi juu yake, akashika tama.

Sitamsingizia utakatifu. Aliwaza kunyamaza. Nani angejua? Angeanza tu kusuuza chupa kama alivyofundishwa, namba zingeshuka, watu wangesema mto umepona. Lakini Alhamisi ingekuja kabla ya mto kupona. Watu saba wangerudi nyumbani mikono mitupu kwa ajili ya ndoo moja, na yeye angeendelea kula meza moja na dada wa mtu huyo. Upande wa pili aliiona sura ya Mwalimu. Aliona watu darajani, waliokuwa wakimwita Afisa, wakitafuta jina jipya la kumwita. Mtu ambaye kazi yake yote ni usafi, ameharibu kwa usafi.

Mkewe alitokea mlango wa jikoni. Alitazama ndoo, akatazama kichupa, akamtazama yeye.

"Umefiwa?" aliuliza. Lilikuwa neno lake refu kuliko yote wiki hiyo.

"Ile bluu ni yangu, mama."

"Bluu gani?"

"Ya mtoni. Haikutoka kwa mdogo wako. Ilitoka humu." Akaigusa ndoo ya mwisho kwa ncha ya kiatu.

Mkewe akasema polepole, "Vikombe."

"Ndiyo. Vikombe."

Angeweza kucheka, na alikuwa na haki. Hakucheka. Alivuta ndoo nyingine, akaipindua, akaketi kando yake. "Sasa?"

"Kesho nakwenda kwa Mwalimu."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi nitasema mbele yao."

Mkewe aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na chai. Safari hii alimpa mkononi.

Mwalimu aliishi chumba na sebule, na sebule yenyewe ilikuwa imemezwa na makaratasi. Ukutani alikuwa amebandika mchoro wa miezi minane, mstari wa fundi viatu ukitambaa chini na mstari wa Mzee Kola ukisimama juu. Mzee Kola alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi, akiutazama mstari wake. Alipomaliza, Mwalimu alikwenda kwenye kabati, akatoa fomu za daraja la chini, akaanza kuzipitia, si juu palipo na namba, bali chini.

"Chupa safi kabisa, zimepita ndoo ya mwisho," alisoma. Akafunua nyingine. "Chupa safi kabisa, zimepita ndoo ya mwisho." Akafunua ya tatu, ya nne, ya kumi. Alipofika ya mwisho alivua miwani, akajifuta macho, na Mzee Kola hakujua kama anacheka au analia. "Wiki thelathini na tatu. Wiki thelathini na tatu umeniandikia kosa lako, kwa mwandiko mzuri kuliko wa wote, na mimi nasoma namba tu."

"Nifute, Mwalimu. Tafuta mtu mwingine wa daraja la chini."

"Nikikufuta wewe, na mimi nijifute. Keti, baba, usinisimamie kama mgeni." Akavaa miwani tena. "Nitasema mimi Alhamisi. Kikundi ni changu."

"Hapana. Sahihi ni yangu. Tena ni kubwa, kila mtu kaiona."

Mwalimu alitabasamu kidogo. Kisha alirudi kwenye fomu, na safari hii alisoma kila mstari. Joto, sawa. Akafika kwenye lile bomba refu lenye msalaba. Daraja la juu, msalaba ulionekana mpaka sentimita hamsini na tano. Daraja la chini, sentimita kumi na nane.

"Hili bomba nalo uliliosha?"

Mzee Kola aliinamisha kichwa. "Nilijaribu, Mwalimu. Halikuenea kwenye ndoo."

Alhamisi chumba cha mikutano cha manispaa kilijaa. Viti vilikuwa vya plastiki, feni ilizunguka ikilalamika, na meza kuu ilitandikwa kitambaa cha kijani ambacho Mzee Kola aliona mara moja kwamba kimefuliwa kwa maji ya moto wakati kilitaka ya baridi. Upande mmoja waliketi wapimaji. Upande wa pili aliketi Povu na wenzake sita, wote wamevaa mashati meupe. Walikuwa wamefuliwa na mtu mwingine. Mikunjo ilikuwa imepinda, kola zimelala upande, na kuona vile kulimchoma kuliko maneno yoyote.

Afisa mazingira alifungua faili, akasema angependa kumsikia mpimaji wa daraja la chini kwanza. Mzee Kola akapiga moyo konde, akasimama.

"Mimi ni dobi," alisema. "Naosha vitu. Nilifundishwa kusuuza chupa kwa maji ya mto, nikaona hilo ni la wasiojua kazi. Nikaziosha kwangu, kwa sabuni yangu na bluu yangu. Namba zote za fosfeti nilizoandika miezi minane si za mto. Ni za ndoo yangu. Nimehakikisha mwenyewe, na Mwalimu amehakikisha Jumanne. Kikundi hakina kosa. Naomba zifutwe."

Mtu wa nyuma akacheka, na kicheko kikasambaa. Afisa alikuwa akiuma midomo.

"Kwa hiyo, mzee, miezi minane ulikuwa unajipima mwenyewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Na nilizidi kiwango."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Povu akasimama, mikono juu kama mtu aliyefunga bao. "Si nilisema! Si nilisema mimi!"

"Shemeji, keti, sijamaliza," alisema Mzee Kola. "Bluu ni yangu. Tope ni lako."

Kicheko kikakatika. Akaeleza habari ya bomba na msalaba, hamsini na tano juu, kumi na nane chini, na kwamba hilo halikupita ndoo yoyote. Akasema alichokuwa amekizuia tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa na hasira, kwamba tope linazuilika. Shimo la kutulizia maji, changarawe, mchanga, na maji yatoke huko ndipo yaende mtoni. Wala hakuna haja ya kufunga uwanja wa mtu. Akaketi.

Afisa alinong'onezana na wenzake, akaandika, akasafisha koo. Namba za fosfeti zimefutwa. Uwanja hautafungwa. Mwenyewe amepewa miezi mitatu kuchimba mashimo ya kuchujia, na maji yake yatapimwa kila wiki, na ripoti iletwe ofisini. "Manispaa haina mtu wa kuja kila Jumapili," alisema. "Atapima mmoja wa hawa wa kujitolea. Bwana, wewe ndiye unayepimwa, una haki ya kuchagua. Hata fundi viatu yupo, namba zake hazina doa."

Povu alitazama viatu vyake. Alimtazama fundi viatu, akamtazama Mwalimu, na mwisho akamtazama shemeji yake, ambaye alikuwa akikunja na kukunjua kofia.

"Apime huyu," alisema.

"Huyu? Aliyekosea?"

"Huyu huyu. Hao wengine wakikosea, sijui kama watakuja kusema."

Mzee Kola akaacha kuikunja kofia, akaitikia kwa kichwa.

Povu alichimba mashimo mawili, na kwa kuwa alikuwa Povu, alilalamika tangu koleo la kwanza mpaka la mwisho. Mwezi wa kwanza msalaba ulipotea kwenye sentimita ishirini na mbili. Wa pili, thelathini na tisa. Jumapili moja ya mwezi wa tatu Mzee Kola alimimina maji mpaka bomba likajaa, sentimita zote sitini, akainama, akamwita shemeji yake aangalie mwenyewe asije akasema amependelewa. Povu alifumba jicho moja, akachungulia muda mrefu.

"Nauona," alisema. Kisha akasema tena, taratibu, "Shemeji, nauona."

Siku hiyo Mwalimu alipindua jiwe chini ya daraja, akaita watu wote kwa sauti ambayo wanafunzi wake wangeikumbuka. Chini ya jiwe palikuwa na vijidudu vitatu vyembamba, kila kimoja na mikia mitatu, vya aina ile ambayo haikai penye maji machafu. Mzee Kola alivitazama kwa heshima, akavua kofia.

Chai hunywewa uani sasa baada ya kupima, Mzee Kola, mkewe na Povu, juu ya ndoo zilizopinduliwa, na bingwa wa vikwapa ameletewa mashati saba yafuliwe upya. Chupa hazikai tena kwa Mzee Kola. Mkewe huzifungia kwenye kabati lake, ufunguo kiunoni, na kila Jumapili asubuhi humkabidhi mlangoni, zikiwa na ukungu wao wa wiki nzima. Mzee Kola huzipokea kwa vidole viwili.

"Hata kuzipangusa kidogo tu, mama?"

"Thubutu."

Basi hushuka nazo hivyohivyo, akazisuuza mara tatu kwa maji ya mto, huku mikono ikimwasha. Akimaliza kupima huandika namba, hutia ile sahihi yake ndefu, kisha hufika chini, kwenye nafasi ya maoni, ambapo sasa Mwalimu husoma kila neno. Huandika bila haraka, kwa mwandiko wake mzuri: "Chupa hazikuoshwa. Msimamizi, mke wangu."